Maji ya Mwisho

Mlango wa kabati la jikoni huanza kunata kwenye pembe ya juu, karibu na bawaba, mahali ambapo tambara halifiki na jicho halina habari napo. Baada ya hapo ni zamu ya mpini, kwa kuwa mpishi huushika kwa mkono uliotoka kukanda unga au kugeuza samaki. Katikati ya mlango, pale anapopatazama mgeni, ndipo panapokawia kuchafuka. Ndiyo maana mtu huweza kukaa na kabati chafu mwaka mzima akiapa kwamba lake linang'aa, mpaka siku atakapopanda kigoda kutafuta sufuria ya shughuli, akashika ukingo wa juu, vidole vikagoma kuachia.

Garsen ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Mji huu wa Kaunti ya Tana River uko zaidi ya kilomita 100 kutoka Malindi, jirani na Minjila ambako barabara hugawana, moja ikielekea Hola na Garissa, nyingine ikivuka mto kwenda Witu na Lamu. Basi likisimama, abiria hushuka na njaa zao. Vibanda vya chakula vinawangoja na mahamri, viazi karai, bajia, chapati, na kambare wa kukaanga aliyevuliwa mtoni au kwenye maziwa ya delta. Karai haliondoki motoni tangu alfajiri. Jua la huko halina mzaha, na kiangazi vumbi huingia hata kwenye chungu kilichofunikwa. Mafuta ya moto, joto la mchana kutwa na vumbi la barabarani vikikutana chini ya bati moja, kabati halina pa kukimbilia.

Chukua kabati la mama mmoja muuza chakula. Ni la mbao, la kimo cha kifua, na mbele lina milango miwili ya wavu ili hewa ipite na nzi wasipite. Miguu yake minne imesimama ndani ya mikebe ya maji, kizuizi cha zamani dhidi ya sisimizi. Juu kuna mafurushi ya karatasi na chupa za mafuta. Ndani, mahamri ya asubuhi na sahani zilizofunikwa. Ukiusogelea wavu unaona kwamba upande ulioelekea jiko matundu yamezibana. Kila kitundu kina kiwambo chake cha rangi ya chai, na ukikigusa kwa ncha ya uma kinavutika kwanza kabla ya kukatika. Upande wa pili, ulioelekea ukutani, wavu bado unapitisha hewa. Fundi seremala aliyekuja kubadilisha bawaba aliuliza kwa nini upande mmoja haujasuguliwa.

"Nausugua, mwanangu," mama alimjibu. "Sabuni yatoa yake, maji nayo yaleta yake."

Jibu hilo lina mambo mawili, na la kwanza ni mafuta. Kiazi kibichi kikitumbukizwa kwenye mafuta ya moto, maji yaliyomo hugeuka mvuke papo hapo na kuyapasua mafuta yaruke. Matone makubwa humwangukia mpishi mkononi au hutua kando ya jiko. Madogo kabisa, yale yasiyoonekana, huelea na moshi, hupanda juu, hupoa, kisha hutua kwenye kitu cha kwanza yanachokutana nacho: sehemu ya juu ya kabati, ukuta, taa, wavu. Siku hiyo bado ni mafuta tu. Tambara kavu linayachukua, na hata sabuni haihitajiki.

Kazi hubadilika yanapoachwa. Mafuta yakikaa hewani hula oksijeni. Asidi zake za mafuta, hasa zile zenye viungo dhaifu katika mnyororo, hushikana na jirani zake, nao jirani na jirani zao, mpaka tone lililokuwa majimaji linakuwa wavu mmoja mkubwa wa molekuli zilizofungamana. Joto huharakisha, na mwanga pia. Katikati ya safari hiyo mafuta si majimaji tena wala hayajawa magumu, na hicho ndicho kipindi cha kunata. Vumbi likitua hapo haliondoki. Mwishoni huwa ganda gumu la kahawia, na atakayelitoa atalitoa kwa jasho.

Kwa hiyo kinachonata kwenye kabati si mafuta ya leo. Ni ya mwezi uliopita. Hili ni jambo dogo kulisema, lakini ndilo linaloamua kama nyumba itakuwa na kazi ya dakika mbili kila usiku au ya siku nzima kabla ya Idi na Krismasi.

Mafuta nayo hayafanani. Ya nazi ni mazito kwa asili, karibu yote ni yale yasiyoshikana na oksijeni kwa urahisi. Yakitua kwenye mbao hubaki ute unaochafua nguo lakini hayageuki ganda haraka. Ya mawese, ambayo ndiyo yamejaa madukani Kenya yakitoka zaidi Malaysia na Indonesia, yana takribani asilimia 10 tu ya asidi ya linoleiki, ile inayopenda kufungamana. Ya alizeti ya kawaida, mahindi na soya yana asilimia 50 hivi au zaidi. Mwenye nyumba anayenunua mafuta ya alizeti kwa ajili ya moyo wake amefanya vyema, ila ajue kwamba kabati lake litanata mapema kuliko la jirani anayekaangia mawese. Zamani pwani hii ilikuwa na mafuta yake ya ufuta, yaliyokamuliwa kwa vinu vilivyozungushwa na ngamia. Katika karne ya 19 ufuta wa bara ya Lamu ulipakiwa majahazini na wafanyabiashara wa Kifaransa ukaishia Marseille, mji uliosifika kwa mafuta na sabuni. Ufuta nao uko katikati: hunata, lakini kwa kujivuta.

Ajabu ni kwamba ganda lile lile linalochukiwa kwenye mlango wa kabati hutafutwa kwa makusudi pembeni mwa jiko hilo hilo. Chuma kipya cha chapati hakifai kitu mpaka kipakwe mafuta na kuchomwa, kipakwe tena na kuchomwa tena, mpaka kivae ngozi nyeusi inayoteleza. Ngozi hiyo ni mafuta yaliyofungamana, kemia ile ile moja. Mama akimwona msichana wa kazi anakisugua chuma chake kwa steel wool, atampigia kelele. Kisha atamkabidhi steel wool hiyo hiyo akasugue kabati. Wachoraji wa Ulaya nao kwa karne nyingi walichanganya rangi na mafuta ya kitani kwa sababu hukauka yakawa kioo kigumu kinachodumu. Tofauti ya ngozi ya chuma na uchafu wa kabati ni moto. Kwenye chuma, joto kali huyafikisha mafuta mwisho wa safari kwa dakika chache. Kwenye kabati hukwama njiani.

Moshi nao una sehemu yake. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya kaya za Kenya hupikia kuni, na kaunti za wakulima na wafugaji kama Tana River ziko juu ya wastani huo. Jikoni kwa kuni mafuta hayatui peke yake. Huambatana na masizi na lami nyembamba ya moshi ambayo nayo hunata. Utando wa nyumba ya gesi ni wa manjano. Wa nyumba ya mafiga ni mweusi, na tambara la kwanza linalopita juu yake hutupwa.

Sasa sabuni. Ukimuuliza mtu wa Garsen dawa ya kabati linalonata, hutakosa majibu: majivu, magadi, ndimu, siki, sabuni ya unga, Jik, mafuta ya taa. Nusu ya hizo ni dawa kweli, ila kila moja ina ugonjwa wake, na fujo huanza zinapomiminwa pamoja.

Majivu na magadi ni ndugu. Majivu ya kuni yana potasi, magadi yana soda, na vyote viwili huyavunja mafuta na kugeuza sehemu yake kuwa sabuni papo hapo. Bibi aliyesugulia sufuria kwa majivu na kumbi la nazi hakuhitaji kuambiwa hilo na mtu yeyote. Magadi ya Kenya hutoka Ziwa Magadi, kusini mwa Nairobi, ambako yamechimbwa kibiashara kwa zaidi ya miaka 100, na madukani huuzwa kwa vipimo vidogo vya bei rahisi kwa ajili ya kulainisha maharagwe na mboga. Kijiko kimoja katika lita mbili tatu za maji ya moto kinatosha kabati zima. Yakizidi hula ngozi ya mikono, hufifisha vanishi, na hutia weusi sufuria za alumini. Majivu makavu yana kosa jingine: ni mchanga kwa tabia. Yanafaa kwenye sufuria. Kwenye mlango wa fomeka au mbao zilizopigwa rangi huchora mikwaruzo midogo, na kila mkwaruzo ni kiota kipya cha mafuta.

Ndimu na siki hazina ugomvi na mafuta. Hizi ni asidi, na kazi yake ni kuondoa chokaa, chumvi na harufu ya samaki. Kuna desturi inayosambazwa sana siku hizi ya kuchanganya siki na baking soda, povu likapanda, watu wakafurahi. Povu hilo ni hewa ya kaboni inayokimbia. Kinachobaki ndani ya bakuli ni maji yenye chumvi dhaifu, kwa kuwa asidi na alkali zimeuana. Anayetaka burudani aendelee. Anayetaka kabati safi atumie kimoja kwanza, kingine baadaye.

Mafuta ya taa hutoa ganda bila shaka, na huacha harufu inayoingia kwenye mahamri pamoja na hatari ya moto kando ya jiko. Jik huua vijidudu lakini haikati mafuta, na ikikutana na siki au ndimu hutoa hewa ya klorini ambayo imewahi kuwapeleka watu hospitali. Vyote viwili viachwe nje ya habari hii.

Dawa inayosahaulika ni mafuta yenyewe. Utando ulio katika kipindi cha kunata hulainika ukipakwa mafuta mapya ya kupikia kwa kitambaa na kuachwa robo saa, kwa sababu mafuta huyeyusha mafuta. Ukishalegea unakwanguliwa kwa mwiko wa mbao au kadi ya simu iliyoisha kazi, kisha ndipo yanafuata maji ya moto na sabuni. Mswaki wa zamani unamaliza bawaba na kingo za mpini. Wavu wa mama yule ungefaa kung'olewa kwenye fremu yake na kulowekwa usiku kucha katika maji ya moto yenye magadi na sabuni. Kuusugua ukiwa umesimama ni kujitesa, maana kila unachokisukuma upande huu kinatokea upande wa pili. Jambo kubwa ni subira. Ganda lililochukua miezi kujijenga haliwezi kukubali kuondoka kwa kupitishiwa sponji mara moja, lakini likiachwa chini ya kitambaa kilicholowa maji ya moto kwa muda wa kunywa chai, nusu ya nguvu inabaki mfukoni.

Hapo ndipo maelekezo mengi ya usafi yanapoishia: suuza, kausha, basi. Yameandikwa na watu wenye bomba la maji matamu ukutani. Garsen kazi ndipo inapoanzia, na ndilo jambo la pili katika jibu la mama yule. Maji nayo yaleta yake.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini, kilomita 1,000 hivi kutoka Aberdare na Mlima Kenya hadi baharini karibu na Kipini. Unapofika Garsen umebeba udongo wa nusu ya nchi. Mabwawa ya juu, Masinga iliyokamilika 1981 ikiwa kubwa kuliko yote, huzuia sehemu ya udongo huo, lakini ukichota ndoo mtoni bado unachota rangi ya chai ya maziwa. Delta yenyewe ilitambuliwa mwaka 2012 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Maji yametapakaa kila upande, ila ya kusuuzia kabati ni shida. Visima navyo, sehemu nyingi, vina chumvi. Kule chini, Ozi na Kipini, mto ukipungua bahari hupanda na kuingia hata mashambani.

Sasa mtu afanye nini? Akisuuza kwa maji ya mto yasiyotuama, udongo laini huachwa kwenye mbao, na mafuta ya jioni yanapotua hupata vumbi tayari limeshatandikwa. Akisuuza kwa maji ya kisima, kila mwenyeji wa pwani anajua kitakachotokea: sabuni haitoi povu. Chokaa na magnesi zilizomo ndani ya maji hushikana na sabuni ya kipande na kuifanya ute mweupe usioyeyuka. Ute huo haukusafishi wala hauondoki. Hujipaka juu ya mlango, na ukikauka huwa tabaka la nta. Mguse mtu mkono baada ya kuoga kwa maji ya chumvi na sabuni ya kipande, utaelewa. Kabati lililosuguliwa hivyo hung'aa likiwa limelowa, kesho yake lina ukungu, na kabla ya wiki kwisha linanata tena, safari hii kwa sabuni. Mwenye nyumba huongeza sabuni. Tatizo nalo huongezeka.

Sabuni za unga za kisasa zilitengenezwa kwa sababu ya maji ya namna hii. Wajerumani walianza kutafuta kitu cha kushika nafasi ya sabuni ya mafuta wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, walipokosa mafuta. Baada ya Vita vya Pili dawa hizo zikaenea, Tide ikianza kuuzwa Marekani mwaka 1946. Hazifanyi ute na chokaa, kwa hiyo hutoa povu hata kisimani. Ila nazo zikitiwa nyingi na kusuuzwa kidogo huacha utando wake. Mkono wa Mkenya ni mkarimu mno kwa sabuni ya unga, labda kwa sababu povu jingi huonekana ni usafi mwingi. Nusu kijiko katika ndoo ndogo kwa kawaida inatosha.

Njia za kuyatibu maji zipo, na nyingine ni za zamani kuliko bomba. Kipande cha shabu kikizungushwa ndani ya ndoo ya maji ya mto kwa muda mfupi, udongo hushikana na kuzama. Baada ya saa kadhaa juu kunabaki maji ya kuonekana chini. Mbegu za mlonge zilizotwangwa hufanya kazi hiyo hiyo, kwa protini yake inayovuta chembe za udongo. Kwa maji ya kisima, magadi kidogo hutangulizwa kabla ya sabuni, chokaa ikashikana na magadi na kutuama badala ya kushikana na sabuni. Na mwisho kabisa, baada ya kusuuza, ndipo ndimu au siki hupata heshima yake: vijiko viwili vitatu katika lita moja ya maji, tambara lilowekwe, likamuliwe, lipitishwe mara moja mlango mzima. Asidi huvunja ule ute wa chokaa na sabuni. Kisha kitambaa kikavu. Bila kitambaa kikavu yote yaliyotangulia ni bure, kwa sababu tone linaloachwa likauke lenyewe huacha chumvi yake yote palepale lilipokuwa.

Hesabu ya maji haina budi kutajwa. Kuosha kabati moja vizuri, kulowesha, kusugua, kusuuza mara mbili, hula mtungi wa lita 20 bila kelele. Katika nyumba ambayo mtungi hufika kwa mkokoteni wa punda na hulipiwa, au hufika kichwani mwa msichana baada ya shule, lita hizo zina washindani: chai, mtoto wa kuoga, sare ya kesho. Kabati halishindi. Wakosoaji wa usafi wa watu wasiangalie milango kabla ya kuangalia pipa. Na kwa kuwa maji ni machache, busara ya Garsen ni kuosha mara chache na kufuta mara nyingi: tambara kavu, kila usiku, jiko likiwa bado na joto, mafuta ya siku hiyo yakiwa bado mafuta. Halihitaji tone la maji.

Makabati yenyewe yamebadilika. Nyumba za Wapokomo kando ya mto zilikuwa na uchaga juu ya moto na susu la kuning'iniza chakula mbali na panya. Mafuta na moshi vilitua huko pia, lakini hakuna aliyeona kasoro, kwani masizi yaliyoshika fito na makuti yaliwafukuza wadudu na kuongeza umri wa paa. Siku hizi fundi huleta makabati ya MDF, zile mbao za kubandika, yaliyovishwa ngozi ya plastiki, meupe, yaliyobandikwa ukutani juu ya jiko kwa mtindo wa Nairobi. Ni mazuri siku ya kwanza. Yamewekwa mahali hasa ambapo matone ya mafuta hupanda, hayana feni ya kuvuta moshi, na kingo zake zikipata maji mara kwa mara hufura.

Kufura huko watu wa delta wamekuona kwa macho. Mafuriko ya Novemba 2023, na tena ya Aprili na Mei 2024, yaliingia majumbani. Barabara ya Lamu ilikatika sehemu za Gamba na Lango la Simba. Maji yalipoondoka yaliacha tope laini lililochanganyika na mafuta ya jikoni, likajaza kila ufa. Kabati la mbao ngumu lilioshwa, likaanikwa kivulini, likarudi kazini. La mbao za kubandika lilivimba miguuni na kumenyeka, na hakuna sabuni iliyoweza kulisaidia. Anayeagiza kabati katika nchi ya mafuriko angeagiza lenye miguu mirefu na la kubebeka.

Kuna usafi mwingine Tana River usiotumia maji hata kidogo, na wataalamu wa jikoni wangefaa kuutazama kabla ya kutoa mafunzo. Wanawake wa Kiorma, kama jamaa zao Waborana huko kaskazini, huhifadhi maziwa katika vyombo vilivyofumwa kwa nyuzi na katika vibuyu. Chombo cha namna hiyo kina vinyweleo visivyohesabika. Mafuta ya maziwa hupenya, na sabuni ikiingia haitoki. Kwa hiyo hakioshwi kwa sabuni. Husuguliwa ndani kwa brashi ya nyuzi ngumu, kisha huingizwa vijinga vya moto vya mti uliochaguliwa, kifuniko kikafungwa, moshi ukafanya kazi yake. Joto hukausha. Fenoli za moshi huzuia vijidudu vinavyochachusha maziwa vibaya, na utando mwembamba wa moshi hubaki ukutani mwa chombo, ukiyapa maziwa ladha ambayo mtu aliyeizoea huikosa sana akinywa ya pakiti.

Mabaki yameachwa kwa hiari hapo. Mwanamke huyo anajua kipi kitoke na kipi kibaki: mafuta yaliyochacha yatoke, moshi ubaki. Mpishi wa chapati naye anajua kwa chuma chake. Ni makabati tu, kitu kigeni kilichokuja bila maelezo, ambayo watu huyasugua kwa hasira hasira bila kujiuliza ni nini kilichopo pale na kimetoka wapi. Matokeo yake ni milango iliyokwaruzwa, iliyofifia, inayonata sabuni badala ya mafuta, na lawama zote kumwangukia msichana wa kazi, ambaye katika nyumba nyingi ndiye pekee anayejua ukingo wa juu wa kabati una hali gani.

Mvua ndiyo maji bora ya kusuuzia ambayo Garsen inayapata bila kulipia. Haina chokaa, haina chumvi ya kisima wala udongo wa mto. Sabuni hutoa povu nayo na mlango hukauka bila ukungu. Bati la mita mraba 40, mvua ikinyesha milimita 20 tu, hupokea lita 800. Sehemu hupotea, na maji ya kwanza yanayoosha vumbi la paa yaachwe yamwagike, lakini kinachobaki bado ni mitungi zaidi ya 30, kutoka mvua moja ya masika. Nyumba nyingi za mjini tayari zina bati. Kinachokosekana ni mfereji na tangi. Basi yeyote anayejenga jiko Garsen mwaka huu, akiwa na pesa ya kitu kimoja tu, na anunue tangi kwanza. Kabati lingoje.